Utulivu Una Mwenyewe

Neno calm la Kiingereza lilizaliwa kwenye joto kali. Wagiriki wa kale waliita kauma lile joto la kuunguza, joto la jua la utosi. Kilatini cha baadaye kikalipokea kwa sura ya cauma, nalo likaingia hata katika Biblia ya Kilatini aliyoitafsiri Jerome kati ya mwisho wa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5: limo katika kitabu cha Ayubu, pale mgonjwa yule anapolia kwamba mifupa yake inaungua. Midomoni mwa watu wa Italia na Hispania likawa calma. Ile sauti ya l, wanasema wataalamu, huenda ilivutwa na kitenzi kingine cha Kilatini, calere, chenye maana ya kuwa moto. Maana nayo ikahama hatua kwa hatua. Kwanza lilikuwa joto lenyewe, kisha likawa saa ya joto, kisha kile ambacho watu hukifanya saa hiyo, yaani kuacha kazi na kukimbilia kivulini, na mwisho likawa hali ya dunia pale kila mtu anapokuwa amekimbilia kivulini. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa katika karne ya 14.

Mtu wa Chita hahitaji kamusi kuifuata safari hiyo. Kata hii ya Halmashauri ya Mlimba imekaa miguuni mwa Udzungwa, pale milima inapokoma ghafla na bonde la Kilombero linapoanza, tambarare ya mpunga ambayo reli ya TAZARA imeipitia tangu miaka ya 1970. Novemba, kabla mvua hazijashika, jembe lililosikika tangu alfajiri hunyamaza ikifika saa sita mchana. Waliokuwa wakisafisha mashamba wanakaa chini ya mwembe, dumu la maji katikati yao, na mazungumzo yanakatika kabla hayajafika popote. Usidhani wana amani. Mmoja anadaiwa pesa za trekta, mwingine ana mtoto mwenye homa nyumbani. Jua limewasimamisha, basi. Hiyo ndiyo calm ya asili: hali inayomshukia mtu kutoka juu bila yeye kuiita, na kazi yake ni kuisubiri ipite.

Uingereza neno hilo lilianza kama neno la bahari na hali ya hewa, na lilichukua muda kabla ya kuhamia moyoni mwa mtu. Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipopanga vipimo vyake vya upepo, calm aliipa namba 0. Baadaye vipimo hivyo vilipoongezewa dalili za nchi kavu, dalili ya namba hiyo ikawa moshi unaopaa wima. Kwa hiyo katika jedwali la wanamaji utulivu ni sifuri, ni kutokuwepo kwa kitu.

Pwani yetu neno linalokaa kwenye kiti hicho ni shwari. Leo ni neno la habari njema: askari anatangaza kwamba hali ni shwari, mzazi anaulizwa nyumbani vipi anajibu shwari, na Kenya tangu 2012 kuna huduma ya kukopa na kuweka akiba kwa simu inayoitwa M-Shwari. Lakini muulize mtu aliyesafiri kwa jahazi la tanga. Shwari ikikaa siku nyingi katikati ya bahari, hasa kipindi cha maleleji, wakati kaskazi imekwisha na kusi haijashika, tanga linaning'inia kama nguo iliyoanikwa na pipa la maji ya kunywa linakaribia kukauka. Nahodha alihitaji upepo wa kiasi. Waliolipenda neno hilo bila masharti ni watu wa nchi kavu, pamoja na abiria. Hata sisi wa bara tunao ushahidi wetu: mwanzoni mwa 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama mtoni karibu na Ifakara kwa upepo mkali, na waliokuwa wakivuka kila siku kwenda Ulanga na Malinyi walijua maana ya shwari bila kuona bahari. Leo wanavuka juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na upepo umekuwa habari ya wavuvi peke yao.

Kiingereza kina maneno mengine ya ukoo huu na kila moja lina mlango wake. Serene limetoka kwenye anga jeupe lisilo na wingu. Quiet limetoka kwenye mapumziko. Composure ni mtu aliyejipanga viungo vyake vikakaa pamoja. Peace limepitia pax ya Kilatini, ambayo ilikuwa ya mapatano kabla ya kuwa ya moyo. Sisi nasi tulikopa Uarabuni kwa mkono mpana: raha na starehe ni ndugu wa mzizi mmoja, amani ni jirani ya amana na imani, na makini, ambalo sasa tunamwambia mwanafunzi asiyesikiliza, zamani lilimsifu zaidi mtu mpole aliyekaa imara. Kisha kuna poa, la joto lililoshuka, ambalo vijana wamelifanya jibu la kila salamu. Ukilitazama hilo utaona tumetoka mahali pamoja na Wagiriki, ila wao walilishika joto na sisi tukashika kupoa.

Neno letu kubwa, hata hivyo, ni utulivu, na hili halikutoka angani wala baharini. Limetoka kichwani, kwa maana ya kichwa chenye mzigo. Tua ni kuweka mzigo chini. Mwanamke anayerudi na ndoo, akifika mlangoni na kumkuta mtu, husema "nitue", na hata mgeni huacha alichoshika akainua mikono. Serikali ya Tanzania ililielewa neno hilo vizuri ilipoipa kampeni ya maji jina la kumtua mama ndoo kichwani. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, kwa sababu kila mtu ama amewahi kutuliwa ama amewahi kutua. Ukiongeza kiambishi cha kutendea, ile l iliyodondoka kale inarudi, kama inavyorudi katika zaa na zalia: tua, tulia. Kichewa, jirani wa kusini, bado kinayo l hiyo waziwazi, na kutula kwao ni kushusha mzigo. Mtulivu, basi, ni mtu aliyefika mahali akaweka chini alichobeba.

Tofauti na calm iko hapo, nami naiona kubwa kuliko inavyosemwa. Utulivu wa Kiingereza ulianza kama hewa, hauna mtendaji. Wa kwetu ulianza kama kazi ya mikono. Una mtu aliyebeba, una mzigo, una mahali mzigo ulipowekwa, na mara nyingi una mtu wa pili aliyesaidia kuushusha. Kitenzi kinayadai hayo yote. Jina utulivu linayaficha. Ndiyo maana maneno amani na utulivu yanapotamkwa pamoja jukwaani, kama yanavyotamkwa Tanzania karibu katika kila hotuba, mimi hurudi kwenye kitenzi na kuuliza: nani alitua nini, na kimewekwa wapi?

Chukua kwanza maji, kwa sababu Kilombero ni maji. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya mkataba wa Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mto na vijito vinavyoporomoka kutoka Udzungwa hufurika masika, na yakipungua, maji hubaki mashimoni na kwenye majaruba. Hapo Kiswahili kina tuama. Ni ndugu wa simama, inama na kwama: kitu kinajishikilia katika hali fulani na hakitoki. Maji yaliyotuama hayana kelele, yanang'aa, yanaakisi mlima, na mpiga picha huyapenda. Mbu nao wanayapenda. Anopheles arabiensis huzaliana kwenye maji ya mashamba ya mpunga yenye jua. Anopheles funestus anapenda madimbwi ya kudumu yenye majani, na siku hizi ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malaria bondeni. Watafiti waliofanya kazi Namawala, upande wa Ifakara, miaka ya mwanzo ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni kama kila usiku.

Utafiti huo una mizizi mirefu. Rudolf Geigy, mtaalamu wa Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara ya huko ilianza 1957. Ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na tathmini yake ilionyesha kwamba uwezekano wa watoto wadogo wanaolala chini ya vyandarua hivyo kuendelea kuishi uliongezeka kwa takriban asilimia 27. Takwimu hiyo ilisaidia kuusukuma mpango wa vyandarua nchi nzima, na baadaye mbali zaidi. Namtaja Geigy na chandarua kwa sababu moja: usiku wa Kilombero mtu hulala kwa utulivu uliotengenezwa, wenye nyuzi, dawa na kamba nne zilizofungwa kwenye fito. Utulivu wa dimbwi la nje haukumsaidia kitu.

Kisha kuna tuliza, na hapa mambo yanakuwa mazito. Tuliza ni kumfanya mwingine atulie. Ina upande wake mwema: mama anatuliza mtoto, dawa inatuliza maumivu, mchezaji anautuliza mpira kifuani na uwanja mzima unashangilia. Lakini mara tu mtendaji na mtendwa wanapokuwa wawili, swali la nani ana nguvu linaingia mlangoni. Polisi wa kuvunja maandamano Tanzania wanaitwa Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Jina hilo lina ufundi wake. Kinachotulizwa ni ghasia, watu hawatajwi. Waingereza nao waliwahi kujaribu kuigeuza hewa kuwa amri: mwaka 1939, vita ikinukia, serikali yao ilichapisha zaidi ya nakala milioni 2 za bango la kuwaambia raia watulie na waendelee na kazi. Karibu zote hazikubandikwa. Bango lenyewe lilipata umaarufu baada ya nakala moja kukutwa ndani ya boksi la vitabu vya mnada mwaka 2000, na likauzwa duniani kote kwenye vikombe vya chai.

Bonde la Kilombero limetulizwa mara kadhaa. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, katika vita vya Maji Maji. Bunduki za rashasha ziliwafyeka. Wajerumani hawakuishia hapo; katika miaka miwili iliyofuata walichoma vijiji, maghala na mazao, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi ziliianza. Makadirio ya waliokufa katika eneo lote la vita ni kuanzia 75,000 hadi karibu 300,000, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Ripoti za watawala zilieleza kwamba nchi imetulia. Ilikuwa kweli kwa kipimo cha Beaufort: moshi wa vijiji ulikuwa ukipaa wima. Msitu ulirudi kwenye mashamba na tembo wakapita palipokuwa na nyumba.

Mfano wa pili hauna bunduki na uko jirani kabisa na Chita. Mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka kutoka Udzungwa kwa kishindo kikubwa, na rasharasha za maporomoko hayo zililowesha usiku na mchana sehemu ndogo ya korongo, hekta chache tu. Ndani ya unyevu huo, na si kwingine popote duniani, waliishi vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasioufikia urefu wa kidole gumba, wanaozaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Watafiti waliwagundua 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mashine zilizo ndani ya mwamba, mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ambayo nchi iliihitaji sana, sehemu iliyobaki ya kupita korongoni ilikuwa kama asilimia 10. Korongo likatulia. Kwa chura wa Kihansi huo ulikuwa msiba.

Kilichofuata ni hadithi ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa kejeli, kwa sababu bungeni na mitaani chura huyo aligeuka mfano wa pesa nyingi kutumika kwa kitu kidogo. Mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa korongoni ili kuiga rasharasha. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, na wale waliofanikiwa kuzaliana walilelewa hasa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Waliobaki korongoni waliongezeka hadi 2003, kisha wakaanguka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulionekana kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, na 2012 wa kwanza wakaachiwa tena Kihansi. Kejeli ile siioni haki. Umeme ule umewasha nyumba nyingi, na sidhani kama kuna anayetaka mashine zizimwe. Ila bei ya utulivu wa korongo ililipwa na asiyeweza kwenda bungeni, na mabomba yale yapo ili kelele za maji zilizoondolewa na mashine zirudishwe kidogo kwa mashine nyingine.

Wapo pia waliokuja bondeni kutulia, kwa maana ya kuhamia na kuweka mji. Wandamba walikuwa na mto na samaki wao. Wakaja wengine wa mpunga na miwa, kisha, hasa tangu miaka ya 1980, wafugaji wa Kisukuma, Kimaasai na Kibarbaig na ng'ombe wao wengi. Kila kundi lilitua mzigo wake mahali ambapo mwingine alikuwa ameshatua. Ng'ombe waliingia kwenye mpunga, mashamba yakaziba mapito ya wanyama, na sheshe, swala wa nyasi za majimaji ambaye bonde hili lilikuwa ngome yake kuu barani Afrika, akapungua mno. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo na wafugaji kutoka ardhi oevu. Wakulima wengi walishukuru. Kwa mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda mkoa mwingine, bonde lilitulia kwa sababu yeye alibebeshwa mzigo upya. Simaanishi kwamba ardhi ile ingeachwa iliwe. Maji ya Kilombero yanaulisha Rufiji, na hesabu ya nchi nzima inapita hapo. Nasema tu kwamba ripoti ikiandika "hali imetulia", nusu ya watu wanaohusika hawako tena pale kuulizwa.

Dunguni ndipo utulivu hukosa sifa kabisa. Mpunga ukianza kubeba, Aprili na Mei, familia hupanda kwenye majukwaa ya miti katikati ya shamba kuamia ndege. Kamba zenye makopo zimetandazwa pande zote, na mtoto anazivuta, anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo. Kwelea kwelea wanatua, kwa maana ile ile ya neno, punde tu kelele zikikatika, na kundi moja linaweza kumaliza jaruba kabla ya mchana. Mwenye shamba akisikia kimya kutoka dunguni hafurahi. Anakwenda kuangalia kama mtoto amelala. Methali ya kimya kingi kuwa na mshindo mkuu hapo haihitaji kufundishwa darasani.

Kilomita chache tu kutoka mashamba hayo kuna kambi ya JKT Chita, ya Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa 1963, nayo ina mashamba makubwa ya mpunga. Kuruta wapya wanajifunza mapema amri mbili. Mguu sawa: simama wima, usitikisike, hata nzi akitua puani. Mguu pande: sasa pumzika, lakini umbali wa miguu, mikono nyuma na mahali pa kutazama vyote vimeshapangwa. Nakiri kwamba napenda uaminifu wa amri hiyo ya pili kuliko hotuba nyingi. Inatambulika kuwa ni pumziko la kupewa, aliyelitoa anajulikana kwa cheo chake na amesimama mbele, na hakuna anayelichanganya na amani ya moyo.

Mtaani Ifakara, kwenye kijiwe cha bodaboda, neno tulia limepata maisha mengine. Ngoma nzuri "imetulia". Msichana aliyevaa akapendeza "ametulia". Aliyeacha pombe akaoa "siku hizi katulia". Katika matumizi haya yote sifa inamwendea mtulivu mwenyewe, kama zamani za mzigo na mlango. Lakini hasira zikipanda, abiria akigoma kulipa au mwenzao akipangua foleni, lugha inahamia kwenye tuliza: "tuliza boli", wanasema, iliyotoka uwanjani, au "tuliza mshono". Hii ya pili inanichekesha na kunifikirisha kwa pamoja. Kijana anayeambiwa atulize mshono hajaambiwa aweke chochote chini. Deni la pikipiki bado lipo, mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, na petroli imepanda. Anaambiwa tu asichanike.